Wingu Namba Arobaini

Kituoni kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Tulimwita Arobaini, naye aliitika. Wageni wakisikia walidhani ni ule utani wa siku za mwizi, na mlinzi wa getini, ambaye mzaha haumpiti, aliwathibitishia kwamba ndiyo, bado tunahesabu. Lakini jina lilitoka kwenye orodha ya kazi. Orodha ilikuwa na mawingu sitini na manne ya angani, na lile la arobaini lilikuwa lake.

Mimi ni karani wa kituo. Kwa miaka kumi na minane nimechapa, nimegonga mihuri, nimepokea simu na kufungua barua, na nina mdomo, hilo hata mpishi atakwambia. Ndiyo maana jambo moja nililolinyamazia linaniuma kuliko yote niliyowahi kuropoka.

Nianze na kazi yenyewe, maana bila kuielewa hutamwelewa mtu mwenyewe. Tuna dishi moja kubwa, upana wake mita ishirini na sita, limewekwa bondeni katikati ya vilima ili vilima vizuie kelele za mji. Kelele ninazosema si za magari. Ni za redio, simu, na kila kidude cha umeme kinachotoa mawimbi. Simu za mkononi tunaziacha getini kwenye kabati la mbao. Kompyuta yangu imefungiwa kwenye chumba kilichopigwa bati pande zote, na wavu wa chuma dirishani, mimi nikiwa ndani, na kiangazi naiva humo taratibu. Simu ya kituo ni moja tu, ya waya, na iko mezani pangu.

Dishi linasikiliza nyota nzito zinavyozaliwa. Nyota zenye uzito wa jua letu mara nane, mara kumi, hata mara thelathini, hukulia ndani ya mawingu ya vumbi na gesi ambamo mwanga hautoki. Darubini ya kioo ikitazama huko inaona weusi mtupu, lakini mawimbi ya redio yanapenya. Na wataalamu wana swali ambalo nimelichapa mara nyingi mpaka nalijua kwa ghibu. Nyota ikishakuwa nzito inawaka kwa nguvu kiasi kwamba mwanga wake unaisukuma mbali gesi iliyokuwa inaingia. Sasa inaendeleaje kunenepa? Jibu mojawapo ni kwamba haimezi mfululizo. Inameza bonge, inatulia, inameza tena. Kila ikimeza inapata joto, na gesi ya methanoli iliyo jirani yake inapaza sauti kwenye masafa yake. Methanoli ni ndugu wa spiriti ya kuwashia jiko. Hapo mlinzi alipata lake lingine, kwamba kuna mtu analipwa mshahara kunusa pombe mbinguni, na bado anarudi nyumbani mkavu.

Kazi ya Arobaini ilikuwa kulizungusha dishi kwenye mawingu yote sitini na manne kila baada ya siku tano, dakika kumi na mbili kila moja, na kuandika sauti ya methanoli imepanda au imeshuka. Mara nyingi haikufanya lolote. Alikuja kama fundi umeme, hana digrii, akafundishwa kuendesha dishi kwa sababu aliyekuwa akiliendesha aliugua, na akabaki hapo miaka ishirini na sita. Daktari, yaani mkuu wetu wa utafiti, alisema hajapata kuona mtu anayeandika "hakuna badiliko" kwa mwandiko mzuri namna ile.

Kompyuta ilihifadhi vipimo, lakini Arobaini hakuiamini sana. Alichora mwenyewe kwa penseli kwenye karatasi za miraba. Na kwenye karatasi hizo, miaka kumi na mitatu iliyopita, aliona jambo ambalo kompyuta haikuulizwa. Wingu namba arobaini lilikuwa likipanda kila baada ya siku mia moja tisini na sita. Linapanda kwa wiki tatu, linashuka, linalala. Hakumwambia mtu. Alisubiri lirudie mara nne, zaidi ya miaka miwili, ndipo akaenda kugonga mlango wa Daktari, ambaye wakati ule alikuwa binti mgeni kazini na bado anapotea njia ya kwenda chooni. Daktari aliruka kwenye kiti. Nyota inayomeza kwa saa, kama mgonjwa na dawa zake! Makala ikaandikwa, watu saba, na jina la Arobaini lilikuwa la tano.

Mchoro ule aliutia fremu akautundika sebuleni kwake, kwenye nyumba ya kituo, pale pale bondeni. Nakala nyingine alimpelekea dada yake mkubwa mjini. Dada huyu ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Ni fundi cherehani wa sare za shule, na aliutundika mchoro juu ya meza ya kukatia, na kila mteja aliyeingia kupimwa alipewa habari kamili. "Mdogo wangu ana nyota yake," alisema. Kila Jumatano saa nne alipiga simu mezani kwangu, na kabla ya kumuuliza mdogo wake hali, aliiuliza nyota.

Mke alikuwapo, kisha hakuwapo. Alivumilia miaka kadhaa bondeni bila simu, bila redio, na jirani ni vilima. Siku ya kuondoka alimwambia mumewe, "Wewe una cha kusikiliza. Mimi sina wa kunisikiliza." Hawakugombana. Arobaini alimbebea masanduku mpaka kwenye basi la wafanyakazi, akamsaidia kupanda, na kesho yake akapima mawingu kama kawaida. Sisi wa mjini tulikuja na basi lile asubuhi na kuondoka nalo saa kumi jioni. Yeye alibaki.

Basi akawa na lile wingu. Siku za kupanda kwake alivaa shati lililopigwa pasi. Hakuchukua likizo siku hizo hata kama nini. Alisimama mlangoni pangu akasema neno moja tu, "Limeamka," nami nikasema, "Hongera, mzee," na alirudi kazini akitembea kama mtu aliyepata mjukuu.

Miaka sita iliyopita ikaja barua kutoka nje. Kuna watu wana mtambo wa madishi mengi yaliyounganishwa, na huo unaweza kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana, jambo ambalo dishi letu haliwezi. Walikuwa wamelitazama wingu namba arobaini. Lilikuwa kimya, halipandi wala halishuki. Sauti ilitoka kwa wingu jirani, upande wa mashariki kidogo, ambalo halikuwamo kwenye orodha yetu. Dishi letu lina sikio pana, linadaka na ya pembeni. Ni kama kusikia muziki ukutani ukampongeza jirani wa kushoto kwa redio mpya, kumbe redio ni ya jirani wa kulia. Wageni wale waliandika kwa adabu, katika maelezo madogo chini ya ukurasa wa makala waliyoiambatanisha, kwamba "huenda" kituo chetu kiliteleza.

Daktari aliisomea barua mezani kwangu, akiwa amesimama.

"Nitamwambia mwenyewe," akasema. "Lakini si leo. Umemwona leo?"

Nilikuwa nimemwona. Alikuwa na shati la pasi.

Wiki ikapita, halafu mwezi. Baada ya mwezi, aibu ya kuchelewa ilikuwa imeshazidi ubaya wa habari yenyewe, na mtu akifika hapo hasemi tena. Kila mwisho wa mwezi nilichapa jedwali la vipimo vya mawingu yote na kulituma kwa wataalamu wa nje. Mwezi ule Daktari akaja, akafunga mlango, akasema, "Mstari wa arobaini uondoe. Na usimwambie." Nikauondoa. Thelathini na tisa, kisha arobaini na moja. Nimefanya hivyo mara sabini na mbili, nimezihesabu.

Tulijua sote. Fundi wa mitambo alijua, mlinzi alijua, na mpishi naye, asiyejua hata methanoli ni nini, alijua kwamba kuna jambo la Arobaini lisilosemwa. Kituo kidogo hakina siri ila kwa mwenyewe. Tuliliita huruma. Mwacheni mzee na wingu lake, halimdhuru mtu, na mawingu mengine anayapima vizuri kuliko kijana yeyote mwenye shahada. Sasa nikiisema bila kuipamba, huruma yetu ilikuwa uvivu uliovaa nguo nzuri. Mara kumi na moja baada ya kujua, nilimsikia akisema "Limeamka" mlangoni, na mara kumi na moja nikamwambia hongera. Mara moja kati ya hizo alikuwa ametoka kupasuliwa ngiri. Hospitali ilimwambia apumzike wiki mbili. Alirudi siku ya nne, anatembea ameinama, kwa sababu wingu lilikuwa linaamka na hakutaka kulikosa. Siku ile nilikwenda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi kuchapa.

Mwaka huu umri wake wa kustaafu ukakaribia, na hapo mambo yakawa magumu. Aliniletea barua ya kuchapa, kwenda kwa Daktari. Aliomba kwamba yeye akishaondoka, wingu namba arobaini liendelee kupimwa kila siku ya tano bila kuruka, kwa kuwa halijawahi kuvunja ahadi kwa miaka kumi na mitatu na lisiachwe sasa. Aliomba ajibiwe kabla ya mwisho wa mwezi, ili amfundishe atakayelipokea. Niliichapa kwa mikono yangu. Daktari aliisoma, akaiweka kwenye droo, akaniangalia, nami nikatazama dirishani. Sasa ilikuwa lazima mmoja wetu aseme. Siku zikawa zinakwenda na kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Hakuna aliyesema. Dishi ndilo lililosema.

Jumatano moja fundi wa mitambo alibadilisha kisoma pembe, kile kifaa kinachoiambia kompyuta dishi limeelekea wapi. Kipya hakikukaa sawasawa. Tangu pale dishi lilipoambiwa tazama hapa, lilitazama kidogo mashariki ya hapo, pungufu ya upana wa kidole ukiunyoosha mkono. Alhamisi asubuhi Arobaini alianza na kile chanzo cha mawimbi chenye nguvu tunachokitumia kujipimia. Kilikuwa kimeshuka theluthi nzima. Akajua dishi limekwenda upande. Kanuni ni kusimama na kumwita fundi, lakini fundi alikuwa amekwenda mjini kuchukua grisi, hivyo akaona aendelee na sehemu ya orodha ya siku ile, iliyoanzia thelathini na tano, apate walau kujua kosa ni kubwa kiasi gani. Mawingu yote yakashuka. Thelathini na nane limeshuka. Thelathini na tisa limeshuka.

Arobaini likapanda, karibu mara mbili.

Mtu mwingine angesema mashine imechanganyikiwa, akaenda kunywa chai. Yeye alikuwa fundi umeme kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Kitu ukikipa kisogo kikazidi kupiga kelele, basi kelele si yake.

Dirisha langu linatazama dishi. Kuanzia kama saa nne niliona linasogea kidogo, linatulia, linasogea tena upande ule ule, kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo gizani. Sijawahi kuliona likifanya vile. Saa sita fundi wa mitambo akarudi na madebe yake ya grisi, akasimama karibu nami akatazama pamoja nami.

"Anafanya nini huyu?" nikamuuliza.

Akatazama muda. "Anapima pembeni," akasema. Akatua debe chini. "Leo ndiyo leo."

Nilitaka kukimbilia kule nikamwambie aache, dishi limeharibika, njoo chai. Sikuinuka.

Alifuata sauti hatua kwa hatua mpaka akafika juu ya wingu la jirani, ambako ilikuwa na nguvu mara nane. Kisha akafanya lile ambalo lingepaswa kufanywa miaka kumi na mitatu nyuma. Alilirudisha dishi, akalipeleka kiasi kile kile upande wa pili, magharibi. Sauti ikapotea kabisa. Yote haya aliyaandika kwa penseli, saa na hatua, kwa mwandiko wake ule mzuri. Karatasi ninayo.

Saa nane na nusu akaingia kwangu. Amevaa lile shati, maana wingu lilikuwa limeamka wiki ile.

"Daktari yupo, Mama Karani?"

"Yupo. Kaa kwanza, mzee, nikumiminie chai."

"Nikikaa sitainuka," akasema, akapita.

Mlango wa Daktari haufungiki vizuri, na hata ungefungika ningesikiliza.

"Daktari, nimekuharibia kazi."

"Kazi gani, mzee wangu?"

"Arobaini. Siyo yenyewe. Ni jirani yake wa mashariki." Sauti yake ilikuwa ya chini, anavuta pumzi kila baada ya maneno machache. "Miaka yote hii nilikuwa sipimi pembeni. Na wale wa nje wanatumia vipimo vyetu kila mwezi. Wamejenga hesabu zao juu yangu. Mimi sina cha kupoteza, naondoka. Lakini jina lako ndilo la kwanza pale. Sema ni mwendeshaji aliyekosea. Andika barua ya kunifukuza, nitasaini leo hii, usichafuke wewe."

Nikasikia kiti cha Daktari kikisogea.

"Mzee, keti tafadhali."

"Nimesimama vizuri."

"Najua," akasema Daktari.

"Unajua nini?"

"Kuhusu arobaini. Waliniandikia. Ni miaka sita sasa."

Nilisubiri apige kelele. Ningeshukuru. Hata angevunja kitu ningekwenda kufagia kwa furaha. Hakupiga kelele. Aliuliza kama mtu anayehakikisha tarehe, "Nilipotoka hospitali?"

"Ndiyo. Nilikuwa najua."

"Uliniambia nimefanya vizuri kurudi."

Daktari akaanza kulia. Ni mwanamke jasiri, amewahi kumjibu waziri mbele ya watu, lakini siku ile alilia na kusema alikosa moyo, alikuwa anataka kusema, kila siku alikuwa anataka kusema. Arobaini alimngoja amalize. Kisha akatoka, akaja kusimama mbele ya meza yangu.

"Nionyeshe majedwali, Mama Karani."

Nikayatoa. Faili likanidondoka, nikaliokota. Akaweka kidole kwenye ukurasa wa kwanza akashuka nacho. Thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini na moja. Akafunua mwezi mwingine. Akafunua mwingine.

"Nani anafuta?"

"Mimi."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi, mzee."

Akatikisa kichwa taratibu, akiutazama ukurasa kwa jicho la mtu anayeheshimu kazi. "Umefuta vizuri," akasema. "Hata pengo hukuacha."

Nimetukanwa sana maishani, na wengine walikuwa na haki. Hakuna tusi lililoniingia kama sifa ile.

Kesho yake sikutarajia kumkuta, lakini alikuwapo. Fundi alikuwa amekinyoosha kisoma pembe, na dishi lilikuwa linazunguka kwenye orodha kama kawaida. Nilipopita chumba cha uendeshaji niliona kwenye ratiba ya ukutani amekata namba arobaini kwa mstari mmoja ulionyooka, na chini kabisa ameongeza jirani yake, bila jina, bila maelezo. Sisi tukaingia kwenye taabu ndogo ambayo hatukuitegemea. Hakuna aliyethubutu tena kumwita Arobaini, na tulipotaka kumwita kwa jina jingine tukagundua hatuna. Mlinzi, bingwa wa maneno, kwa wiki nzima alimsalimia kwa kikohozi.

Mchana akaniletea karatasi nichape. Nilidhani ni ya kuacha kazi. Ilikuwa taarifa fupi ya kwenda kwenye jarida lile lile lililochapisha makala yao. Naikumbuka yote:

"Kituo hiki kilitangaza kwamba wingu namba arobaini hupanda na kushuka kila siku mia moja tisini na sita. Si kweli. Sauti inatoka kwa wingu jirani, mashariki yake, kama wenzetu walivyokwisha kuonyesha. Kosa ni la mwendeshaji, ambaye mwanzoni hakupima pembeni kwa sababu sauti ilikuwa dhaifu, na baadaye hakupima kwa sababu alikuwa amelizoea wingu."

Chini yake jina lake. Daktari alipoisoma aliomba naye aweke lake, la kwanza, mahali pa lawama.

"Hapana, Daktari," akamjibu kwa upole. "Wewe ulijua. Aliyekuwa hajui ni mimi. Hii ni ya asiyejua."

Ikatumwa hivyo, na baadaye ikatoka hivyo. Katika maisha yake yote ya kazi, hayo ndiyo maandishi pekee yaliyotoka na jina lake peke yake.

Jumatano iliyofuata, saa nne, simu ikalia. Nilimwita, akaja, akashika mkono wa simu akiwa amesimama kama siku zote. Nilitaka kutoka, akaniashiria nikae, kwamba sina haja ya kusumbuka. Dada yake anaongea kwa sauti ya kuishinda cherehani, kwa hiyo mimi husikia wote wawili.

"Mdogo wangu! Nyota yetu haijambo?"

"Dada, si yetu. Nilikosea. Ilikuwa ya jirani."

"Jirani gani tena? Nani kakwambia umekosea?"

"Nimeona mwenyewe. Na nimeandika, itatoka gazetini kwa wataalamu. Uutoe ule mchoro ukutani."

"Siutoi." Cherehani ilikuwa bado inaenda. "Na hao wenzako wenye vyeti, walikuwa wapi usikosee?"

"Walikuwa wanajua, dada."

"Tangu lini?"

"Miaka sita."

Cherehani ikasimama. Nikajikunja kwenye kiti nikingoja matusi, maana ulimi wa dada yule naujua, na safari hii tulistahili kila neno. Lakini sauti yake ilikuwa imeshuka, ikabidi nitege sikio.

"Miaka sita umekaa na watu," akasema. "Wanakuona asubuhi, wanakuona jioni. Na hakuna mmoja aliyeweza kukwambia?" Kisha akauliza, "Hebu niambie ukweli. Huko unakula na nani?"

Chumba chetu cha chakula kina meza moja ndefu. Sisi tunaokuja na basi ndio tunaoijaza, tunapigiana kelele na kunyang'anyana chumvi. Yeye huchukua sahani yake akaenda nayo kwenye chumba cha uendeshaji, kwa kuwa dishi haliachwi peke yake upepo usije ukavuma. Upepo ukivuma kinachotakiwa ni kubonyeza kitufe kimoja. Fundi anakijua. Mimi pia nakijua, nilionyeshwa wiki yangu ya kwanza. Kwa miaka kumi na minane sikuwahi kumwambia, mzee, nenda ukale na wenzako, nusu saa hii nitakaa mimi.

Hakunitazama. Alikuwa ameugeukia ukuta wa bati, amekamata mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Nakula na wenzangu, dada," akasema. "Meza moja, sote."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Wanakupenda?"

"Sana."

"Haya," dada yake akasema, na nikasikia anashusha pumzi. "Hapo umenituliza moyo." Cherehani ikaanza tena.

Nilikuwa nimekaa pale, hatua moja kutoka kwake, na sikumsahihisha. Akarudisha simu mahali pake taratibu, akanishukuru kama anavyonishukuru kila Jumatano, akarudi chumbani kwake kupima.